Siku Kanali Alipojitoa

Farasi arobaini walisimama mbele ya mahakama, na zaidi ya nusu yao mimi ndiye niliyewapigilia viatu vya chuma. Waliowapanda pia niliwajua. Miaka kumi na miwili nyuma walikuwa kikosi cha Kanali Marbury, wakipigania haki ya kutumiliki sisi watu weusi. Siku ile ya uchaguzi, Novemba 1875, katika mji wetu mdogo wa Mississippi, walimjia Kanali wao wenyewe.

Maana baada ya kushindwa vita, Kanali aligeuka. Alitamka hadharani kwamba mtu mweusi ni raia kama yeye, na kura zetu zikampeleka bunge la jimbo. Wazungu wenzake wakamwita msaliti. Mimi nilimpigia kura, basi. Rafiki sikumwita kamwe. Kaka yangu Isham alifia vitani akitunza farasi wa Kanali, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka kwenda.

Siku ile Kanali aligombea tena, naye alikuwa ndani ya mahakama pamoja nasi wapiga kura sitini, karatasi za kura mkononi, sanduku bado tupu.

"Kanali!" Ilikuwa sauti ya Lucius Pettway, aliyekuwa luteni wake. "Toka, au tuje kukutoa!"

Kanali akatoka bila silaha. "Teremka tuongee, Lucius. Shingo inaniuma kukutazama huko juu."

Mtu mmoja akacheka, kisha akanyamaza ghafla. Dirishani nilimwona Pettway akiinama, akimnong'oneza. Kanali alirudi uso umempauka.

"Nimejitoa kwenye uchaguzi," alisema. "Nendeni nyumbani. Wamekubali kuwaacha mpite."

"Umejitoa kwa ruhusa ya nani?" nikamuuliza.

"Tolliver, kuna bunduki arobaini pale nje."

"Nimeziona. Nimekuuliza, kwa ruhusa ya nani?"

Wenzangu wakaanza kutoka mmoja mmoja, bila kutazamana. Siwalaumu, walikuwa na watoto. Mimi nikaenda kwenye sanduku. Pettway alikuwa keshaingia, bastola mkononi.

"We mhunzi, nikikuua, farasi wangu atavishwa viatu na nani?"

"Atembee peku," nikasema, nikatumbukiza karatasi yangu.

Nilisikia bastola ikikokiwa. Ndipo Kanali akapita katikati yetu, akampa mgongo luteni wake, akatumbukiza ya kwake. Karatasi ilikataa kuingia mara ya kwanza, akaisukuma kwa kidole.

"Tumemaliza, Lucius," alisema. "Twende, Tolliver."

Tukatoka, tukapita katikati ya farasi wale. Hakuna aliyefyatua risasi. Kwenye kona yeye alishika njia yake, nami yangu, bila kuagana.

Matokeo yaliposomwa, Marbury alikuwa na kura mbili.

Tangu hapo hakuna aliyeniletea farasi. Mwezi Machi nilihamia Kansas na mke wangu. Kanali alibaki. Nasikia aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na kila Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi zima peke yake.