Nani Atampikia Uji

Mama Goretti alikubali kila kitu isipokuwa safari yenyewe. Binti yake Kirezi ajifunze Kijapani, sawa, maana mtoto akishika kitabu hashiki mabaya. Hata vile vikaratasi vya maneno vilivyobandikwa hadi kwenye mlango wa friji alivivumilia. Lakini kwenda Fukuoka, shule ya lugha, mwaka mzima? Walikimbia kutoka Uvira, wakamzika baba mtu kambini, ndipo Mungu akawafikisha Marekani, mjini Saint Paul, mtaa wa Frogtown, kwenye nyumba yenye joto. Sasa mtoto anataka kuvuka tena maji.

"Mama, si kukimbia," Kirezi alisema. "Ni kwenda na kurudi."

"Kwenda ninakujua. Kurudi ndiko sikujui."

Jioni moja ya Machi 2016, kule Japani kukiwa kumekucha, ukafika usaili wa Skype. Shule ilitaka kumsikia mzazi kwa kinywa chake, kwa kuwa Kirezi alikuwa na miaka kumi na tisa, na huko asiyetimiza ishirini bado ni mtoto. Sheria hiyo Mama Goretti aliipenda. Alifunga kitenge kizuri na kilemba, akasali kimoyomoyo: Bwana, kama mlango huu si wako, ufunge. Akakaa kando ya binti yake kusubiri Mungu aufunge.

Mwalimu Ishida akatokea kwenye kompyuta, mama wa makamo mwenye miwani, akainama. Mama Goretti naye akainama. Adabu ni adabu. Mwalimu na Kirezi wakazungumza weee, binti hakwami, na mama akajikuta anavimba kichwa bila kupenda. Katika yote aliambulia neno moja tu, hai, hai, nalo lilimpendeza. Hawa ni watu wanaojuliana hali kila mara.

Kisha mwalimu akamgeukia yeye, akauliza jambo refu, akangoja. Kirezi hajawahi kutafsiri, mama kashaitikia kwa sauti ya kanisani:

"Hai! Tuko hai, kwa neema ya Mungu."

Mwalimu akatabasamu, akaandika.

Kirezi akajikunyata kitini. "Mama, amekuuliza kama unaniruhusu. Hai, kwao, ni ndiyo."

"Kwa hiyo nimesemaje?"

"Umesema ndiyo. Nimwambie umekosea?"

Mama Goretti akamtazama. Mtoto angeweza kunyamaza, akapata alichokitaka. Hakunyamaza.

"Ngoja kwanza," akasema, akaisogelea kompyuta. "Mwalimu, huyu akiugua huko, atampikia uji nani?"

Mwalimu akatega sikio. "Nani?"

"Ndiyo, nani?"

"Nani?"

"Sasa ananiuliza mimi. Mimi niko Minnesota, nitajuaje?"

Kirezi alikuwa amejifunika uso, mabega yanatikisika. "Mama, nani ya kwao ni 'nini'. Hajasikia umesema nini."

Akamtafsiria mwalimu yote. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, akaifuta, halafu akajibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa swali la maana.

"Anasema kwao pia mgonjwa hupewa uji, wa mchele, mwepesi," Kirezi akasema. "Nyumba yake iko nyuma ya shule. Msimu wa baridi uliopita alimpikia msichana wa Nepali aliyeshikwa na homa. Akawa anamlisha huku anamgombeza kwa kutembea bila koti."

"Anamgombeza?"

"Sana, anasema."

Hilo lilimtuliza Mama Goretti kuliko yote aliyoyasikia jioni hiyo. Mtu asiyekujali hapotezi pumzi yake kukugombeza. Yeye alisubiri mlango ufungwe, na kumbe nyuma ya mlango huo kulikuwa na mama mwenzake na sufuria.

Akaketi wima, akaweka kilemba sawa.

"Hai," akasema, na sasa alijua anasema nini.

Kirezi akamkumbatia shingoni hadi kilemba kikaenda upande. Mama akamwondoa mikono polepole, mwalimu wa watu anatazama, akamnong'oneza:

"Muulize, na sukari wanatia?"