Mstari Mmoja Kiganjani

Kiherehere alitimiza miaka kumi na minane siku ya Jumanne, na Jumatano yake huduma za watoto zikaamka na kumkuta mtu mzima. Jina hilo alipewa na walezi wa makao, kwa sababu haingii mtu mlangoni asimpapase uso, vifungo na mifuko. Alizaliwa hasikii, na macho nayo yakazima kabla hajaota meno ya pili. Kila alichokijua duniani kilimpitia mikononi, na kwa miaka mingi mikono hiyo ilikuwa ndani ya mikono ya mtu mmoja, mlezi wake, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali ambaye makao yote yalimwita Mama Mkubwa.

Sasa watu wazima wana nyumba zao na walezi wao, na sheria ndiyo hiyo. Nyumba iliyokuwa na nafasi ilikuwa katika mji mwingine, safari ya tangu alfajiri mpaka alasiri, na mlezi wa watoto hakuruhusiwa kukanyaga huko baada ya siku ya kumkabidhi. Eti mgeni hatulii kama watu wa zamani wanamjiajia. Aliyeitunga sheria hiyo hakuonekana, maana watunga sheria wa namna hiyo huwa hawaonekani.

Asubuhi ya kuhama Mama Mkubwa alifanya kila kitu kama kawaida. Alikunja nguo, akafunga begi, akamchana Kiherehere nywele. Alikuwa akingoja uchungu uje umkamate, lakini haukuja. Alijisikia kama mguu uliolaliwa vibaya, upo lakini si wako. Wenzake walipolia getini aliwatazama tu, akawaambia waache kupoteza maji.

Kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa moja, na hakuna wa kumsaidia. Alitakiwa kumwambia Kiherehere kwamba anamwacha huko na hatarudi.

Hapa ndipo makao yalipojiponza yenyewe. Kiherehere alipokuwa mdogo, mkono ukimtoka tu, alipiga mayowe mpaka majirani wakaja kuchungulia. Walezi wakabuni dawa. Anayeondoka alimchora mstari kiganjani, kuanzia kifundo cha mkono kwenda kwenye ncha za vidole, maana yake nakwenda. Papo hapo akaurudisha mstari, kutoka vidoleni mpaka kwenye kifundo, maana yake nitarudi. Ukienda chooni, mistari miwili. Ukienda likizo, mistari miwili. Mtoto akatulia, walezi wakapumua, na hakuna aliyejiuliza siku ya kwenda moja kwa moja atachorewa nini. Mpishi alipoolewa akahama, naye alichora miwili, maana pale ndivyo watu walivyoaga. Miaka imepita, na kila asubuhi Kiherehere aliingia jikoni, akapapasa kiti cha mpishi, akakikuta kitupu, akaenda zake. Hakununa. Alikuwa anamngoja tu.

Mama Mkubwa hakutaka kungojwa namna hiyo.

Walikuwa njiani, Kiherehere amelala begani kwake, ofisa ustawi wa jamii aliyewasindikiza alipogeuka kutoka kiti cha mbele cha gari. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulichosha.

"Mama, kama ningekuwa wewe, ningeondoka wakati anakula. Hatajua."

"Hatajua nini?"

"Kwamba umeondoka."

"Mwanangu, huyu, kijiko kikipungua mezani, anajua. Sembuse mimi, na mwili wote huu?"

Dereva akacheka. Ofisa naye akacheka kidogo, kisha akatazama barabara.

Nyumba mpya ilinuka rangi na sabuni ya sakafu. Mlezi mpya aliwapokea mlangoni, mwanamke kijana aliyekata kucha mpaka mwisho, jambo ambalo Mama Mkubwa aliliona na kulikubali. Kiherehere hakuchelewa. Alimpapasa uso, akamhesabu vifungo, akazamisha mkono mfukoni na kuibuka na kitana. Alikinusa, akakirudisha.

"Jamani, nimepekuliwa!" mlezi mpya akasema, akicheka. "Huyu polisi kabisa."

Kiherehere akaiweka mikono yake kwenye koo la yule dada ili akipate kicheko, na akakipenda. Mama Mkubwa alikuwa ameandaa wivu wa siku hiyo tangu zamani, lakini hata huo haukutokea.

Wakazunguka nyumba watatu, mikono imepandana. Hapa kitanda, hapa ukuta, fuata ukuta upate bafu. Mama Mkubwa alifundisha alama moja moja, ya maji, ya maumivu, ya sitaki, na mlezi mpya akarudia mpaka zikakaa.

"Na kuaga je, dada? Mnaaga vipi?"

Mama Mkubwa akamchora mistari miwili kwenye kiganja chake, akamweleza, wa kwenda na wa kurudi.

"Na wewe leo?"

"Leo mmoja."

"Ataelewa?"

"Sijui, mdogo wangu. Hajawahi kuchorewa mmoja."

Mlezi mpya akatoka, akarudisha mlango taratibu.

Walikaa kitandani. Mama Mkubwa akashika mkono wa Kiherehere, akachora mstari kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni, akaishia hapo. Kiherehere akabaki na kiganja wazi, kama mtu anayengoja chenji. Akachezesha vidole kumkumbusha. Mama Mkubwa akachora tena, mmoja. Kiherehere akacheka, akamtekenya tumbo, maana walikuwa na utani wao na huu alidhani ni mpya.

Basi ikabidi amweleze alama kwa alama, kama anayefundisha. Mimi. Kwenda. Wewe. Hapa. Kurudi, hapana. Alama ya hapana ilikuwa ngumi inayotikiswa ndani ya kiganja, na Mama Mkubwa aliitikisa mpaka akaona kicheko kimeisha usoni.

Kiherehere alirudisha mikono mapajani. Halafu akautafuta mkono wa mlezi wake, akauliza. Mpishi?

"Ee Mungu wangu," Mama Mkubwa akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Akajibu kwa mkono. Mpishi pia. Kurudi, hapana.

Mama Mkubwa alijiandaa kwa mayowe. Alikuwa tayari kung'atwa, kupigwa, kung'ang'aniwa nguo. Yote hayo aliyajua na alijua pa kumshika. Kiherehere hakufanya hata moja. Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu mzima anayepokea hesabu ya jambo alilolishuku siku nyingi. Kisha akaushika tena mkono na kuuliza jambo jingine.

Wewe. Kulala. Na nani?

Kule makao vitanda vyao viligusana. Usiku Kiherehere alilala amemshika kifundo cha mkono, na Mama Mkubwa kila siku alisema ni kwa ajili ya mtoto, asije akaamka na kuogopa. Wiki zote za maandalizi wakubwa walikuwa wameuliza Kiherehere atalala wapi, juu ya godoro gani, karibu na mlango upi. Walikaa vikao vizima juu ya kitanda chake. Yeye Mama Mkubwa, asiye na mume wala mtoto, ambaye nyumbani kwake ni chumba cha kupanga asimolala, hakuna aliyemuuliza swali hilo, na mwenyewe hakuwa amejiuliza.

Alifikiria kudanganya. Alama ya watu wengi aliijua vizuri. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akakisimamisha katikati ya kiganja cha Kiherehere. Peke yangu.

Kiherehere akakifumba kidole hicho ndani ya mkono wake, akakishika kwa nguvu zake zote. Mlango ukagongwa, na ofisa akasema gari linangoja, watachelewa. Mama Mkubwa alimsikia vizuri. Akamjibu kwa sauti yake ya siku zote kwamba anakuja, wala hakuinuka.