Mkono Hautumwi

Madam Priscilla alikuwa na imani mbili ambazo hakuna aliyeweza kuzitikisa: ya Mungu na ya sataranji. Ya Mungu alilelewa nayo kwao Kitale. Ya sataranji aliipata chuoni, na tukisema kweli ndiyo aliyoihubiri zaidi. Alipokuja Juba kufundisha hesabu katika shule moja ya binafsi pale Hai Malakal, bendera ya nchi mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua, na kila mtu alikuwa anaanzisha jambo lake: huyu hoteli, yule kanisa, mwingine benki. Priscilla akaanzisha kilabu cha sataranji. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 kilabu hakikumtosha tena. Alitaka sataranji iingie kwenye ratiba, iwe somo kama hesabu, ifundishwe kila darasa na itahiniwe.

Mwalimu Mkuu Phineas, Mkenya mwenzake, alikubali siku ileile. Lakini Phineas alikuwa mtu wa kukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho, hivyo kukubali kwake hakukuwa na uzito wowote. Uzito ulikuwa kwa Mzee Kenyi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mkono wake wa kushoto aliuacha msituni katika vita vile vya zamani, na alipoinua wa kulia kwenye kikao, wazazi wote waliinua yao. Alipoushusha, jambo lilikuwa limekufa.

"Ustaza, mimi iko na swali moja tu," alisema Kenyi, Priscilla alipomfuata kumweleza. "Hii mchezo ni ya vita?"

"Ni ya akili, mzee."

"Hapa iko askari, iko mfalme, iko kuuana. Sisi tulijifunza hiyo msituni bila karo. Sasa unataka tulipe pesa watoto wajifunze tena?"

Priscilla alikuwa na jibu tayari. Alimwambia sheria ya kwanza ya sataranji ni kwamba ukigusa umecheza, hakuna kurudisha, na kwa hiyo mtoto anajifunza kufikiri kabla hajanyoosha mkono. Nchi ikiwa na watu wa namna hiyo, alisema, basi hiyo nchi... Akaishia hapo, maana mgeni hamwambii mwenyeji nchi yake imepungukiwa na nini.

"Mdomo inaweza kusema kila kitu," akasema Kenyi. "Jumamosi, kwa kikao, nionyeshe kwa macho."

Jumamosi ikafika. Priscilla aliweka meza katikati ya darasa, wazazi wakakaa kuzunguka, na wachezaji wake bora wawili wakaketi kutazamana. Mmoja alikuwa Wol, kijana mrefu wa kidato cha pili. Wa pili alikuwa Nyaruach, msichana wa darasa lilelile, ambaye hucheka kwa kuziba mdomo. Makabila yao sitayataja. Anayeijua Juba ameshayajua kwa majina, na asiyeijua hatapungukiwa na kitu. La muhimu ni kwamba wote wawili walikulia Kenya, wakarudi na wazazi wao mwaka wa uhuru, na hapo shuleni walikuwa na Kiswahili chao cha mitaa ya Nairobi ambacho wenzao hawakukifahamu vizuri. Ukiwakuta wananong'ona na kucheka, ujue wanamteta mwalimu.

Baba zao wote wawili walikuwa wanajeshi, na wote wawili walikuja. Zamani wangekaa benchi moja, lakini jeshi lao lilikuwa limeanza kugawanyika kikabila. Siku ile baba yake Wol alikaa karibu na mlango, wa Nyaruach karibu na dirisha, na kila mmoja alikuwa akitazama simu yake zaidi kuliko meza. Priscilla aliliona hilo akadhani ni adabu mbaya tu ya wakubwa.

Wol alikuwa na nyeupe. Alianza kwa mbwembwe, maana baba yake yupo, akatanguliza malkia mapema. Nyaruach hakushtuka. Alimzungusha taratibu, farasi huku, ngome kule, mpaka mfalme wa Wol akabaki kwenye pembe na askari wawili wadogo wasioweza kumsaidia. Zamu ilikuwa ya Wol. Kijana akainama juu ya ubao, jasho likimtoka puani, asiguse kitu.

"Hii inaisha namna gani?" aliuliza Kenyi.

"Aliyeshindwa anamlaza mfalme wake, mzee. Wanapeana mkono, basi."

"Wanapeana mkono." Kenyi aliwageukia watoto. "Nyinyi, nionyeshe. Namna gani mnafanya?"

Watoto wakatazamana. Nyaruach akaziba mdomo. Wol akasema, bila kuinua kichwa, "Hatufanyangi hiyo, mzee. Mmoja akifungwa tunapanga tena haraka."

Ilikuwa kweli, na Priscilla alisikia masikio yakiwaka moto. Kilabu kilikuwa na nusu saa tu kati ya kipindi cha mwisho na gari la shule kuondoka. Ili watoto wacheze michezo mingi zaidi, alikuwa ameyakata yote aliyoyaona kuwa mapambo. Kumlaza mfalme, kukata. Kupeana mkono, kukata. Na watoto wa Juba hawapeani mkono kwa kugusana vidole tu. Kwanza mkono wa kulia unagusa bega la mwenzako, halafu ndipo unashuka kushika mkono wake. Inachukua muda. Priscilla alikuwa ameuhesabu muda huo kuwa hasara.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Phineas alidakia, akidhani anasaidia.

"Ustaza," alisema Kenyi polepole, "kupiga mtu hapa kila mtu anajua. Kuwaza mbele pia watu wanajua, tena sana. Kitu moja sisi hatujui ni kumaliza. Na hiyo ndiyo umetoa."

Kabla Priscilla hajajibu, simu ya baba yake Wol ililia. Aliipokea, akasikiliza, akasimama na kumwita mwanawe kwa kidole. Dakika haikupita, baba yake Nyaruach naye akasimama, akatoka na binti yake kwa mlango wa pili. Kikao kikavunjika hivyo hivyo, watu wakisukuma madawati. "Jumatatu tutamaliza," alisema Kenyi. Priscilla aliuinua ubao kwa mikono miwili bila kutikisa kitu, akauweka kabatini na kufunga kwa ufunguo. Jumatatu Wol angemlaza mfalme wake mbele ya wazazi wote, wangegusana mabega, na Kenyi angeona.

Jumapili jioni bunduki zikaanza kulia.

Yaliyofuata yanajulikana, na asiyeyajua asiombe kuyajua. Priscilla aliyasikiliza akiwa amelala sakafuni mtaani Buluk, kwenye stoo ya Annet, jirani yake Mganda mwenye duka, wamejibanza kati ya magunia ya sukari. Kulipotulia kidogo alipelekwa uwanja wa ndege pamoja na Wakenya wengine. Karibu na uwanja ule kulikuwa na kambi ya Umoja wa Mataifa, na watu walikuwa wanaingia humo kama maji yanavyoingia shimoni, wamebeba magodoro na watoto. Priscilla alitazama ule umati akijiambia hamtafuti mtu yeyote. Alikuwa anamtafuta Nyaruach, maana wengi wao walikuwa wa kabila lake. Hakumwona, akapanda ndege.

Kitale alikaa mwezi mzima na zaidi, na mama yake alimkuta mara nyingi amesimama tu uani. Kilichomla hakikuwa hofu, kilikuwa aibu. Alikuwa amesimama mbele ya watu waliokuwa na vita mlangoni, akawaambia watoto wao wanahitaji kujifunza kuwaza mbele. Aliapa kwamba akirudi ataliondoa ombi lake kwa mdomo wake mwenyewe, na kilabu nacho kife.

Alirudi Februari. Shule ilifunguliwa ikiwa na madawati matupu mengi kuliko yenye watu. Kenyi ndiye aliyeilinda. Siku zote zile mbaya alikaa getini kwenye kiti cha plastiki, na waporaji waliokuja walimkuta, wakaona mkono mmoja na ule uso, wakapita. Kabati lilikuwa limefungwa vilevile. Priscilla alipolifungua, ubao ulikuwa na vumbi, lakini kila kitu kilisimama pale kilipoachwa.

"Bado ni zamu yangu," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Wol. Alikuwa amekonda, na sauti ilikuwa imevunjika. Baba yake alikuwa vitani, huko kaskazini, na nyumbani hakuna aliyemtaja.

"Siku ile nilikuwa nimeshaona, madam. Nilikuwa nimeisha. Sikutaka tu kumlaza mbele ya baba." Akamchukua mfalme mweupe, akamfuta vumbi kwa shati, akampa Priscilla. "Wanasema Nyaruach ako kambi ya uwanja wa ndege. Mimi siwezi kuingia huko, wanajua mzee wangu ni nani. Wewe ni mgeni, utapita. Mpelekee. Mwambie nimekubali."

Priscilla alipanda bodaboda mpaka kambini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na ndani ya kambi watu walitembea kwenye tope jeusi huku ndege zikipita juu ya mahema chini sana, watoto hata hawainui macho. Alimpata Nyaruach kwenye foleni ya maji, ana madumu mawili. Msichana alimkumbatia, kisha akajitoa haraka kana kwamba amekosea.

"Baba?" Priscilla aliuliza.

"Walikuja kumchukua Jumatatu." Hakusema akina nani. "Mama anasema atarudi. Mimi sisemi kitu."

Priscilla alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani. Akayaacha yote. Akatoa mfalme kwenye mkoba akamwekea kiganjani. "Wol amenituma. Anasema amekubali."

Nyaruach alimtazama yule mfalme wa plastiki. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, mengine ya kutisha kwa mtoto wa umri wake, na kwa kitambo Priscilla alidhani atamtupa topeni. Na angemtupa, nani angemlaumu? Foleni ikasogea. Nyaruach akasukuma madumu yake kwa mguu, mfalme bado mkononi.

"Baba yake ako mzima?"

"Yuko mzima."

"Sawa. Madam, mwambie nimesikia. Lakini haijaisha. Bega haitumwi na mtu. Mkono haitumwi. Huyu nitakaa naye. Siku Wol atakuja mwenyewe kumchukua, nitajua kama naweza kumgusa. Leo sijui." Akamfunga mfalme kwenye ncha ya leso yake, fundo gumu. Priscilla alilia waziwazi pale kwenye foleni. Nyaruach hakulia.

Kikao cha kamati kilikutana juma lililofuata. Wazazi walikuwa wachache, na hakuna aliyekaa karibu na dirisha. Priscilla alisimama kuliondoa ombi lake, kama alivyoapa. Alianza kwa kuomba msamaha, lakini Kenyi akamkatiza.

"Kwanza, ile mchezo ya siku ile. Iliisha namna gani?"

Ikambidi aeleze. Aliwaeleza juu ya Wol na mfalme, juu ya kambi, juu ya fundo la leso, na maneno ya msichana aliyasema kama alivyoyasikia, asipunguze wala asiongeze. Alipomaliza, mama mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Phineas alikuwa anatazama kiatu chake, na safari hii hakukubaliana na mtu.

"Ninaliondoa ombi, mzee," alisema Priscilla. "Ulikuwa na haki."

"Mafi," alisema Kenyi. Hapana. "Mimi nilipigana miaka mingi, ustaza. Tukafanya amani, watu wakubwa wakatia sahihi, sisi tukapiga ngoma. Lakini yule mtu aliyenikata hii mkono, hakuna siku alikuja. Alituma watu waseme. Mimi pia nilituma watu waseme. Mpaka leo sijui kama ningeweza kumgusa. Huyu mtoto amejua kitu ambayo sisi wazee hatukujua. Somo iingie. Lakini iko sharti. Uanze na mwisho. Kuua askari utafundisha baadaye."

Akainua mkono wake mmoja. Mikono yote ikainuka.

Basi somo likaanza hivyo, na nadhani hakuna shule nyingine duniani iliyolianza namna ile. Ubao ulikuwa mtupu, kuna wafalme wawili tu: mweusi, na mahali pa mweupe kizibo cha soda, kwa sababu mweupe alikuwa kambini. Watoto walikaa wawili wawili. Mmoja anamlaza mfalme, anasema nimekubali, wanasimama, bega kwanza, kisha mkono. Kisha ubao unapita kwa wawili wengine. Mwanzoni walicheka, wakasukumana. Baadaye darasa lilitulia, na Priscilla aliona watoto wengine wakichelewa kuunyanyua mkono, maana kila mmoja alijua baba wa mwenzake alikuwa wapi Desemba.

Ubao ukafika meza ya nyuma kabisa. Wol alikuwa amekaa peke yake, na kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Priscilla akaona si vizuri kijana akose mwenzake siku ya kwanza ya somo. Akaja, akavuta kile kiti ili akae yeye.

Wol akakishika kwa mkono.

"Malesh, madam," aliomba radhi kwa heshima. "Hapa iko mtu."