Daraja la Tatu

Katika banda la kuchagulia katani, Lea hakuhitaji kipimo. Alichukua fungu, akalinyoosha juu ya mkono wake: refu na jeupe, daraja la kwanza, fupi kidogo au la manjano, la pili, lililobaki, la tatu, likatupwa pembeni. Vidole vyake havikukosea.

Kwa hiyo daktari wa kambi alipokuja kuwapanga manamba, mwaka ule wa hamsini na nne, neno daraja halikuwa geni masikioni mwa Lea. Wenye nguvu za kukata mkonge, la kwanza. Wa kupalilia, la pili. Asheri, mumewe, alikohoa mara mbili tu mbele ya daktari, akaandikiwa la tatu: mwisho wa mwezi apande lori, arudi Upare. Na Upare kulikuwa na nini? Shamba lilishachukuliwa na kaka zake. Chumba kile cha kambini ndicho kilichokuwa nyumba yao.

Lea alimwendea msimamizi wa banda, Mzee Mselem, ambaye baba yake alisomesha Kurani Pangani.

"Shikamoo, mzee. Hili daraja, mtu akishapewa ndiyo basi?"

"Marahaba, mwanangu. Neno lenyewe la Kiarabu hilo. Maana yake kidato cha ngazi. Na ngazi hupandwa."

Mzee wa watu alisema alichokijua. Kiarabu alikijua, daktari hakumjua. Lakini Lea alirudi uso umechangamka, akamwambia mumewe, kabla ya lori kuja, akate mkonge mara mbili ya wenzake, nyapara aone, apandishwe. Asheri alichukua panga lake. Hakuwa mtu wa kumkatalia mkewe.

Akakata wiki nzima, jua la utosini, kifua kikimkoroma. Nyapara aliona kweli: akamsifu, akamwongezea mistari ya kukata. Siku ya nane wenzake walimleta kwenye toroli la mkonge, damu imeganda kidevuni. Lea alimfuta kwa kanga huku akimwambia aamke, chakula kinapoa, mpaka wanawake wakamshika mikono.

Walimzika Jumapili. Wimbo wa kanisani ulimshinda Lea. Alijua ni nani aliyemtuma Asheri shambani.

Jumanne nyapara alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatoa pole kwa adabu. Kisha akauliza chumba kitakuwa wazi lini, maana kuna watu wanasubiri.

"Ngoja kwanza nifagie," Lea alisema.