Majibu ya Mombasa

"Kipimo cha haraka kimesema hana influenza," Elsie akasema bila kuinua macho. "Tungoje majibu ya maabara ya Mombasa."

"Mombasa ni siku tano! Wendy ana mimba ya miezi saba, na tangu jana hapumui vizuri!"

"Basi apewe dawa ya malaria. Si ndiyo dawa yako ya kila homa?"

Thadeus akamsogezea fomu ya dawa. Wote wawili walikuwa matabibu wa kliniki hiyo ndogo ya Voi, na sheria ya hapo haikuruhusu mtu kumtibu wa nyumbani kwake. Dawa ya Wendy, mkewe Thadeus, ilihitaji sahihi ya Elsie.

Miezi kumi na moja Elsie alikuwa akiiombea siku hii. Mwaka jana alimleta mamake kutoka Werugha, juu milimani, mzee mwenye pumu, homa inamchoma. Aliyeshika kalamu ni Thadeus. Akampima malaria, hana. Akampa dawa ya malaria vilevile. Elsie alimwambia mama hajashuka mlimani tangu Krismasi, mbu gani wa kumuuma kwenye baridi ile? Akamwomba dawa ya influenza. Thadeus akacheka: "Dada, punguza presha. Kipimo cha influenza kimesema hana. Tungoje Mombasa." Mama alizikwa Jumamosi. Majibu yakafika Jumatatu: influenza.

"Kipimo hicho hukosea, Elsie. Unajua."

"Umejua lini? Sema kwa sauti, benchi lisikie. Mjamzito, mzee, mtu wa pumu, tunawangojesha majibu?"

Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa kwenye benchi la nje waliacha kukohoa.

"Hatungojeshi. Tukishuku tu, tunaanza dawa siku hiyo hiyo."

"Na mamangu?"

"Nilimngojesha."

Maneno yale yalimwingia Elsie kama maji ya mtungi, na bado kiu haikuisha. Alitaka zile siku tano. Alitaka Thadeus akeshe kando ya kitanda akihesabu pumzi za mtu, moja baada ya nyingine, kama alivyohesabu yeye. Funguo za kabati la dawa zilikuwa mfukoni mwa Elsie. Kuzisahau huko kungekuwa rahisi.

Wendy, aliyeegemea ukuta, akajaribu kusema. "Daktari... mtoto leo amecheza kidogo tu."

Huyu hakuwa amemkosea mtu.

Elsie akaandika, akatia sahihi, akafungua kabati. "Meza kidonge hiki cha influenza sasa, mama. Asubuhi na jioni, siku tano, usiruke hata kimoja. Nesi, mpe oksijeni na uite ambulansi, mtoto akaangaliwe hospitali."

Wendy akameza. Thadeus akashusha pumzi. "Asante, Elsie. Mungu akubariki."

"Usinishukuru. Hatujamalizana."

Akachukua simu, akampigia Muhonja, mwenye kliniki. "Madam, ni Elsie. Nataka faili la mamangu lifunguliwe upya, na nakala iende kwa baraza la matabibu leo. Sababu utaambiwa na Thadeus mwenyewe."

Akamkabidhi Thadeus simu. "Mwambie vile umeambia benchi. Usipunguze neno."

Thadeus akaipokea kwa mikono miwili. "Haloo, madam," akasema. "Ni kweli. Nilikosea."