Ndege wa Kwenye Mchezo wa Redio

Tangu mtoto wa jicho amzibie dunia, mume wangu Osea anaishi kwa masikio. Jumapili alasiri tunasikiliza mchezo wa redio, naye wanaogombana mle hana habari nao. Anasikiliza ndege wanaolia nyuma yao. "Kiangazi cha Dodoma na ndege huyo wa msituni, wapi na wapi!" Majirani hapa Hasamba wanamcheka, lakini msimu ukikaribia wanakuja kwake. Akisema ndege wa mvua amelia, majembe yanaingia shambani.

Jumapili moja mwishoni mwa Oktoba, usingizi ulitupitia sote wawili kibarazani, mchezo wa redio ukiendelea. Mikahawa ilikuwa imechanua, na harufu yake ilinibeba nikawa kama naelea. Osea akanishtua. "Mama Angel! Analia!" Mimi sikusikia kitu, ila nilimwamini. Majirani walitazama anga wakasita. Kesho yake nikapanda debe zima la mahindi kwenye vumbi.

Wiki nzima ikawa jua tupu. Panya wakala, kunguru wakala. Jumapili iliyofuata mchezo ule ukarudiwa. Mwanamke akabamiza mlango, na nyuma yake ndege wa mvua akaita mara tatu, sauti ikishuka.

"Kumbe ni huyu," Osea akasema taratibu. "Hata mlango ni uleule."

"Yule wa kwanza alilia kwenye mparachichi, Baba Angel. Nilimsikia," nikamdanganya.

Nilishikwa na hasira, si kwake, bali kwa ile redio iliyomnyang'anya kitu kimoja alichobakiwa nacho. Majirani walipokuja kuuliza, aliwaambia wamtafute mwenye masikio.

Alhamisi asubuhi, ukungu umelala juu ya mikahawa, ndege akalia. Mara tatu. Kisha tena mara tatu. Osea akasimama, halafu akaketi.

"Zima redio, Mama Angel."

"Imezimwa."

"Unanionea huruma tu."

Niliingia ndani, nikatoa betri zote mbili, nikamwekea kiganjani. Akazipapasa moja moja, akazifumbata. Ndege akalia tena, juu ya vichwa vyetu kabisa, na machozi yakamtoka mume wangu.

"Waite majirani," akasema.