Goti Lisilo na Bandeji

Kocha alichuchumaa kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, chumba ambamo siku nyingine hulala mifagio na viti vibovu, akaanza kumfunga Cherehani bandeji kwenye goti la kushoto. Aliizungusha kwa madaha, akaibana kwa pini, akalipigapiga goti kama fundi anayemkabidhi mtu kabati lake. Kazi safi. Ila goti bovu lilikuwa la kulia.

"Mbona nyembamba hivyo?" Cherehani akauliza. "Ongeza, ionekane mpaka viti vya nyuma."

"Tulia, mwanangu. Jamaa akiiona hii, atakusukumia upande huu mpaka achoke. Mwachie. Kwenye bovu lenyewe hatakugusa."

Ulikuwa ujanja wa jimu yao tangu ujana wa kocha: ukiumia kulia, funga kushoto. Kocha mwenyewe, kwa maelezo yake, aliwahi kushinda akiwa na mbavu zilizovunjika upande mmoja na plasta upande wa pili, na mpinzani akamwomba radhi kwa kumuumiza.

Jina la Cherehani nalo halikutolewa bure. Miguu yake enzi zake ilidunda ulingoni kama pedali ya fundi aliyeahidi gauni la harusi kesho asubuhi. Watu wa mtaani huapa kwamba mpinzani mmoja alirusha ngumi tangu kengele ya kwanza hadi raundi ya nne, akashushwa akihema, na muda wote huo alikuwa anapiga kivuli. Wengine wanasema raundi ya tano. Tusigombane.

Cherehani alijua kwamba ngumi haitoki begani. Inaanzia kwenye kidole gumba cha mguu wa nyuma, inapanda gotini, inajizungusha kiunoni, ikifika mkononi imeshakuwa jambo jingine. Sasa kila aliposukuma kwa mguu wa kulia, kitu fulani ndani ya goti kilichomoka kikarudi, na ngumi ikashukia njiani kama abiria asiye na nauli.

Aliumia kwenye saruji. Bondia wa kulipwa, picha yake iko kwenye mabango, na mchana anashusha mifuko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, maana kati ya pambano na pambano watoto hawaachi kula. Mfuko uliteleza juu ya lori, akajipinda kuudaka, mwili ukageuka na goti likabaki linatazama kule. Hospitali wakamwambia kano ya ndani imekatika. Bila upasuaji, mguu huo hautazungukia ulingoni tena.

Tajiri wa duka akasema, "Wewe si mtu wa ngumi? Waambie wenzio wa ngumi."

Chama cha ngumi kikasema, "Sisi tunawatibu walioumia ulingoni. Wewe umeumia dukani. Rudi kwa tajiri wako."

"Basi kaumie ulingoni," akasema kocha.

Na mpango wote ukawa huo. Asimame raundi mbili tatu, goti limwangushe mbele ya macho ya watu, chama kimtibu, arudi kazini. Daktari wa chama hakuwatia wasiwasi. Alimpima akiwa ameketi kitini: macho, meno, kifua, presha, vidole. Chini ya kiuno hakushuka, kana kwamba kule bondia amempangisha mtu mwingine.

Raundi ya kwanza ilipita kwa kujikongoja. Ya pili, mpinzani, kijana mwenye mikono mirefu kama makasia, aliiona bandeji akaifuata kweli, akimsukumia kushoto kama kocha alivyotabiri. Katika kusukuma huko akashusha mkono wake wa kuume. Kidevu kikabaki wazi.

Hapo Cherehani akasahau mpango. Hakukumbuka chama wala upasuaji. Aliona kidevu. Akasukuma kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, akasikia mlio ndani ya goti kama kijiti kikavu, na ngumi ikapita hewani. Akaanguka kifudifudi kabla hajaguswa.

Daktari akapanda na mkoba wake, akaenda moja kwa moja kwenye bandeji. Akaifungua, akalikunja goti, akalikunjua, akalibonyeza huku na huku.

"Hapa panauma?"

"Hapo hapaumi, daktari. Ni huu mwingine."

Daktari akaitazama bandeji mkononi mwake. "Uliofungwa hauumi. Usiofungwa ndio unauma."

"Ndiyo, daktari."

"Umesahau umepanga kuigiza upande gani?"

Mtangazaji alikuwa amesimama karibu nao mno, maikrofoni yake ikiwa wazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha kwenye viti vya mbele mtu mmoja akasema, taratibu tu, "Ameuza." Neno likatembea safu kwa safu mpaka nyuma.

Kocha akafumbua mdomo. Aseme nini? Kwamba bandeji ni ya uongo kwa sababu walilijua goti bovu kabla ya kupanda? Basi goti ni la dukani, na chama hakilitibu. Akaufumba.

Chama kikamfungia kwa kuuza pambano. Goti lilipovimba likawa kama papai, alilipeleka kwa daktari wa chama. Daktari alilitazama kutoka mlangoni. "Umeenda kulitafutia ushahidi nyumbani," akasema.

Ikabaki rufaa. Akishinda, atatibiwa na kufunguliwa. Asipofika mwenyewe siku ya kusikilizwa, rufaa imekufa.

Ofisi ya chama iko ghorofa ya juu kabisa. Lifti ilikufa zamani, na mlinzi hakumruhusu mke wa Cherehani, aliyekuja kumshikilia, kupita.

"Mwenye rufaa peke yake, dada."

"Mwenye rufaa hawezi kupanda, kaka yangu. Ndiyo rufaa yenyewe."

"Akashtaki huko juu."

Cherehani akapanda kwa kuketi, mgongo mbele, akijivuta kwa mikono ngazi baada ya ngazi, mguu ukimfuata nyuma. Shati lililopigwa pasi alfajiri likalowa. Alikuwa chini ya ghorofa ya mwisho aliposikia mlango ukifunguliwa na sauti ikimwita.

"Nipo," akajibu.

"Upo wapi?"

"Ngazini."

Halafu viti vikasogezwa, kufuli likalia, na wajumbe wakaanza kuteremka kwenda kula. Mwenyekiti alimkuta amekaa katikati ya njia.

"Wewe si ndiye wa rufaa? Tumekusubiri sana."

"Niko njiani, mzee."

"Umetoka huko chini mwenyewe? Hapana aliyekubeba?"

"Mwenyewe, mzee."

Mwenyekiti akamgeukia daktari wa chama aliyekuwa nyuma yake, na daktari akainua mabega. "Mimi mzima, ngazi hizi zinanitoa roho," akasema.

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Mwenyekiti alimshika bega kwa upole. "Tutalizingatia hilo, kijana. Tukirudi tukukute juu." Wakampita mmoja mmoja, wakiinua suruali kidogo ili wasimguse.

Nyayo zao zilipopotea, akaja mama wa usafi na ndoo. Alikuwa akideki kutoka juu, akirudi nyuma, mpaka kisigino chake kikamgusa.

"Inua miguu, baba, nipitishe hapo."

Cherehani akainua mmoja.

Mama akangoja. Kisha akakamua dekio, akalipitisha kuuzunguka ule uliobaki, kama mguu wa meza, akateremka na ndoo yake.